Mama Odeta na Mteremko wa Mawe Mapana

Tarehe 30 Juni 1999, Bi Celestina Mutayoba, msimamizi wa bustani ambaye sote tunamwita Mama Odeta, anastaafu baada ya kuitumikia Hoteli ya Mawe Mapana kwa miaka ishirini na sita. Wageni wanaosifia majani yetu yanayoshuka kutoka barazani hadi ziwani wanasifia mikono yake, ingawa wengi walimdhani ni mwenye hoteli, kwa jinsi alivyosalimia kila anayepita.

Aliajiriwa mwaka 1973, hoteli ikiwa bado mali ya shirika la umma. Alikuwa ametoka Muleba na mumewe, karani wa reli. Akapewa fyekeo na kuambiwa ajiunge na safu. Siku hizo mteremko ulifyekwa na watu waliojipanga mstari mmoja wakiimba Kisukuma, lugha ambayo hakuijua hata neno. Haukupita muda, yeye ndiye akawa anaanzisha nyimbo, kwa lafudhi ya Kihaya iliyowavunja wenzake mbavu. Miaka ile ya shida, fyekeo jipya likiwa halionekani madukani, alinoa mafyekeo yote kwenye jiwe lililo nyuma ya jiko. Tulioyaona hayo huwa tunayakumbuka kila tukisikia harufu ya majani mabichi.

Mwaka 1995 hoteli ikauzwa kwa mwekezaji. Wafyekaji wengi wakapunguzwa, na baada ya miaka miwili ikaja mashine ya kukatia majani, mtumba kama karibu kila kitu cha wakati huo. Haikuwa na kiti. Dereva alisimama kwenye kibao cha chuma nyuma yake, akakaza kishikio kilichopo kwenye mpini. Mkono ukiachia, injini inazimika. Meneja wetu, Bwana Nathaniel, aliuliza nani anaiweza. Wanaume wakatazamana. Mama Odeta akakaza kitenge juu ya suruali ya kazi, akapanda.

Tatizo likawa salamu. Mama Odeta alilelewa kwamba mkubwa hasalimiwi na mtu aliyesimama juu ya kitu. Kila mzee alipopita bustanini, aliachia mpini, akashuka, akapiga goti na kutoa shikamoo yake. Injini ikazimika, na mashine ile ilikuwa na ubishi wa kuwaka. Siku wazee wa parokia walipokuja kunywa chai, jua lilizama nusu ya bustani haijaguswa. Basi akatafuta ukanda wa mpira wa baiskeli, akakifunga kishikio kisiachie. Sote tuliuona ukanda huo, na sote tukamsifu kwa ubunifu.

Ulikuwa msimu wa mvua za El Nino. Asubuhi moja, majani yakiwa yamelowa, alikuwa katikati ya mteremko alipotokea Mzee Chenge, mlinzi wetu mstaafu. Mama Odeta akashuka, akapiga goti. Mashine haikuzimika. Ikateleza na kwenda zake, visu vikizunguka, kuelekea kwenye mawe ya ziwani ambako dobi wa hoteli alikuwa akianika shuka, ameipa mgongo. Dobi huyo ni mimi, Noela, ninayeandika haya.

Mngurumo sikuushtukia, maana ulikuwepo tangu asubuhi. Nilichosikia ni sauti yake: "Noela, toka hapo! Toka, mwanangu!" Nikarukia majini. Mashine ikapita juu ya shuka, ikagonga jiwe, ikapinduka. Shuka za chumba cha maharusi zikawa matambara. Leo nacheka nikisimulia. Siku ile Mama Odeta alinifuata mbio, tukakaa kwenye maji tumekumbatiana, tukilia kwa sauti bila kujali wageni waliokuwa barazani.

Hakungoja kuitwa. Alimweleza Bwana Nathaniel kila kitu, ukanda wa mpira ukiwemo, wakati ambao watu walikuwa wakipoteza kazi kwa makosa madogo kuliko hilo. Meneja akamuuliza atafanya nini lisitokee tena, na majibu yake ndiyo taratibu zetu hadi leo. Kishikio hakifungwi. Majani yakilowa, mteremko haukatwi, hata akija mgeni gani. Mashine huukata mteremko kwa kukingama, polepole, bila kugeuzwa ghafla, na majani ya karibu na mawe huachiwa fyekeo. Ikianza kuteleza, dereva hushuka kwa nyuma na kuiacha iende, maana chuma hununuliwa. Kuhusu salamu, aliwaendea wazee majumbani mwao, mpaka Kiseke, kuwaomba ruhusa. Mzee Chenge alicheka sana, akakubali. Sasa wazee wenyewe husubiri kwenye tambarare mpaka injini izimwe, ndipo wanaitikia marahaba.

Lakini lililo kubwa kwake ni moja: kabla ya kuwasha, dereva ashuke kwa miguu mpaka kwenye mawe, ahakikishe hakuna mtu chini. Hata nilipokuwa likizo kwetu Nansio, alishuka. Mwaka jana, muda wake wa kustaafu ulipofika, aliomba aongezewe. Projest, mfyekaji wa zamani aliyekuwa akimfundisha, alikwishaimudu mashine vizuri, ila kushuka kwenye mawe alikuwa bado anakumbushwa. Nilipomuuliza Mama Odeta kwa nini haendi kupumzika, alinijibu, "Nitakaaje Muleba, mwanangu, roho iko huku kwenye mawe?"

Asubuhi moja ya mwezi uliopita alisimama juu barazani akimtazama Projest akiiweka mashine tayari. Hakumkumbusha. Projest naye hakuiwasha. Alishuka kwa miguu mteremko mzima hadi niliponing'iniza shuka, akaniambia, "Dada Noela, naomba usogee kwanza, nataka kukata." Nilikusanya shuka zangu huku nikigeuka kutazama juu, nione Mama Odeta amefurahi kiasi gani. Hakuwepo tena. Alikuwa amekwenda ofisini kuomba kustaafu.

Mama Odeta, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba yangu mwenyewe niliye hai, asante. Mungu akupe miaka mingi, afya, na wajukuu wenye heshima zao. Nenda Muleba na roho yako yote. Huku kwenye mawe tunaangaliwa.