Mgeni wa Chumba Kimoja

Januari ile mvua ilinyesha kila alasiri. Kwenye teksi iliyojaa abiria, ya kwenda Yeoville, mlinzi mmoja Mkongomani alikuwa amepakata furushi kama anayepeleka mgonjwa hospitali. Mama wa Tanga aliyeketi naye, fundi cherehani, akamuuliza lina nini.

"Papa Noël ya patron, mama. Ile ya kujaza upepo, inasimamaka kwa bustani kule Midrand. Amesema nimuchunge mpaka Noël ingine."

Mama akalipapasa. "Baba Krismasi wa bosi wako? Mbona limelowa? Litaota ukungu! Lijaze upepo ndani, likauke, ndipo ulikunje."

"Tuko na chumba moja. Akisimama, sisi tutalala wapi?"

"Miguuni pake," akajibu mama, kana kwamba watu hulala hapo siku zote.

Mlinzi akatazama dirishani, akatabasamu peke yake. "Mtoto ataamuka, atamuona anapumua." Kisha tabasamu likamtoka. "Lakini akikauka, nitamukunja namna gani, mtoto akiangalia?"

"Ni kitambaa tu, baba. Mwambie."

"Mwambie wewe."

Teksi ikasimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu. Mlinzi akainuka ashuke, na furushi likashusha pumzi ndefu. Mama akanyoosha mkono upesi akaukinga ukingo wa mlango.

"Kichwa, baba! Usimgonge kichwa."