Bi Tuseme na Wiki Bila Uongo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha maadili kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, mwenzetu anastaafu rasmi mwishoni mwa mwezi huu wa Juni. Jina lake kamili lipo kwenye mafaili ya utumishi na hakuna anayelitumia. Kuanzia wakuu wa idara hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Bi Tuseme, kwa sababu hajawahi kuanza kipindi kwa neno jingine. Tuseme umeokota simu. Tuseme mjomba wako ndiye msahihishaji. Tuseme daktari amekosea, na ni wewe peke yako uliyemwona.

Alikuja kwetu akiwa mhadhiri msaidizi, amevaa gauni aliloshonewa na mchumba wake, fundi cherehani, ambaye baadaye akawa mumewe na mshonaji wa suti za nusu ya idara. Alipewa chumba cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa mashine ya kutolea kopi, chenye dirisha linalofungwa kwa kamba. Humo akaanzisha utaratibu wake. Kila mwanafunzi achague jambo moja linalomtatiza, aliandikie insha, kisha aliandikie hadithi. Kwenye insha, alikuwa akisema, mtu anaeleza lililo sawa; kwenye hadithi ndipo anapoona nani anaumia.

Maandishi ya wanafunzi aliyachukulia kwa uzito ambao wao wenyewe hawakuutegemea. Mwaka wake wa kwanza, mmoja wao aliandika kwamba si haki kumwamsha aliyelala bila sababu ya msingi. Bi Tuseme aliona hoja ina nguvu, na kwa kuwa darasani mlikuwa na msinziaji mmoja sugu, muhula mzima ulifundishwa kwa kunong'ona. Msinziaji alifaulu. Walioanguka ni wa viti vya nyuma, waliokuwa macho lakini hawakusikia kitu.

Baada ya hapo akaja na kanuni iliyotunyoosha sote: insha bora ya mwaka itafuatwa na idara nzima kwa wiki moja. Mkuu wa idara wa wakati ule aliitia saini huku akicheka. Aliacha kucheka iliposhinda insha ya salamu, iliyodai kwamba kumuuliza mtu habari za nyumbani bila kungoja jibu ni kumdhulumu. Wiki hiyo kila aliyeuliza alisimama akangoja. Kikao cha asubuhi kiliahirishwa kwa sababu mhasibu alikuwa bado anaeleza habari za nyumbani kwake, na alikuwa amefika kwenye goti la shemeji yake. Mpaka Ijumaa watu walikuwa wanapita dirishani ili wasikutane kwenye korido.

Lakini wiki inayosimuliwa zaidi ni ile ya uongo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti tuliyemwita Mpole kwa sababu ya sauti yake ndogo, aliandika kwamba uongo wa kumfurahisha mtu nao ni wizi, kwani unamnyang'anya haki ya kujua. Hadithi aliyoiambatanisha ilimhusu shangazi aliyesifiwa sauti yake maisha yote, hadi akakodi ukumbi. Insha ikashinda. Tangazo likabandikwa Jumatatu asubuhi: kwa wiki nzima, hakuna uongo idarani.

Saa hiyo hiyo ikaja taarifa kwamba Jumatano watafika wakaguzi kuamua kama somo la Bi Tuseme liendelee au lifutwe.

Mpole alikwenda ofisini kwa Bi Tuseme, akaomba insha yake iondolewe. Bi Tuseme alimkaribisha kiti, akamwambia, "Mwanangu, insha umeiandika kabla hujaogopa. Sasa unataka kuifuta kwa sababu umeogopa. Tumwamini yupi kati ya hao wawili?" Mpole akatoka, na insha ikabaki ubaoni. Mkuu wa idara naye alikwenda kusihi. Yeye aliambiwa kwamba ana ruhusa ya kuandika insha ya kupinga, na ikishinda itafuatwa mwakani.

Basi tukaanza. Karani alipokea simu, akamjibu mpigaji kwamba mkuu yupo, ila hataki kuongea naye. Mpishi wa kantini aliandika ubaoni kwa chaki: chai ya jana, imepashwa moto. Mkutubi alikiri kwamba kitabu kilichotafutwa muhula mzima hakijapotea, kimewekwa chini ya mguu wa meza yake isiyumbe. Na mkuu alipomuuliza mume wa Bi Tuseme, aliyeleta suti mpya, kama imemkaa vizuri, fundi alimjibu kwa upole kwamba bega la kulia limeshuka, kwa kuwa siku aliyolishona kulikuwa na mpira redioni.

Jumatano wakaja wakaguzi wawili, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa na mzee mwenye miwani. Walianza na mkuu, wakamuuliza anaionaje idara yake. Jasho lilimtoka hadi likaonekana kwenye bega lile lililoshuka. Akasema amechoka nayo. Mzee aliandika.

Kisha wakamgeukia Bi Tuseme. Je, somo lake linawafanya vijana kuwa watu wema?

Sote tulikuwa tumesimama mlangoni mwa chumba chake. Tulijua analo jibu zuri, maana tulishawahi kulisikia, na lilikuwa na takwimu. "Sijui," akasema. "Wapo walioiba baada ya kupita mikononi mwangu. Mmoja aliniibia mwavuli wangu mwenyewe, na insha yake kuhusu wizi ilikuwa nzuri sana."

Mkuu aliketi bila kuangalia kama pana kiti. Kwa bahati kilikuwapo.

Yule mama akamwita Mpole, akamuuliza somo limemsaidia nini. Tuliinama ili tuisikie ile sauti ndogo. "Limeniletea shida," akasema Mpole. "Zamani nilikuwa nikimkosea mtu, nalala. Siku hizi nikikosea, silali."

Mama yule akauliza kama kanuni ya wiki inawabana na wageni. Bi Tuseme akasema insha haikuwataja. Mama akaomba aione. Akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaisoma hadithi ya shangazi, na alipomaliza aliuweka mkoba wake chini. Akasema kwamba ripoti ilishaandikwa kabla hawajaondoka ofisini kwao, na kwamba somo linafutwa kwa sababu chumba hiki kinatakiwa kuwa stoo ya viti. Mzee mwenye miwani alikasirika. Yeye, akasema, habari za viti hakuambiwa kabisa. Alikuja kwa sababu aliahidiwa chakula cha mchana.

Ripoti ikaandikwa upya palepale. Somo likabaki. Viti navyo vikaja, maana vilikuwa vimeshapakiwa kwenye lori, na tangu hapo Bi Tuseme amefundisha katikati ya viti vilivyopandana hadi darini, huku wanafunzi wafupi wakiketi juu ili waone ubao.

Mchana ule nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Aliniambia kwamba uongo ulimfika mdomoni, mtamu, umekamilika na takwimu zake, na kwamba hakuumeza kwa ujasiri bali kwa aibu, kwa kuwa Mpole alikuwa anamtazama. Mimi nafundisha mantiki chumba cha pili, na sijawahi kupata mfano bora kuliko huo wa tendo jema na sababu yake.

Waliopita kwake leo wako mahakamani, hospitalini, sokoni na magazetini. Wema wao hatuwezi kuudhamini. Usingizi wao, kwa taarifa tulizonazo, ni wa mang'amung'amu.

Wiki iliyopita ufunguo wa chumba chake ulipotea siku ya kukabidhi ofisi. Siku mbili tuliutafuta hadi ndani ya mashine ya kopi. Siku ya tatu ikaja insha kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ikitetea kitendo cha kuficha ufunguo wa mtu usiyetaka aondoke. Bi Tuseme aliisoma hadi mwisho, akaipa alama za juu kuliko zote za mwaka huu, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Hoja imara. Mwandishi amekosea. Nimeguswa. Rudisha ufunguo."

Ukarudishwa. Aliufunga mlango mwenyewe, akausukuma kidogo kuhakikisha, akampa mkuu wa idara wa sasa ufunguo, akaondoka na mumewe aliyekuwa anamngoja chini ya ngazi.

Bi Tuseme, asante kwa kazi yako, dada yetu na mama wa wengi. Tunakuombea afya, siku nyingi zisizo na haraka, na nyumba yenye vicheko. Nenda ukapumzike, sisi huku bado hatujalala.