Keki ya Tarehe Ishirini na Moja Oktoba

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, msogee. Veridiana umetoka Louisville, Reginaldi umetoka Buffalo, mkidhani mmekuja kuniaga na kula keki ya Mizero kesho. Gari achukue Reginaldi, abadilishe tairi kabla ya theluji. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Veridiana. Hayo yameisha, sasa niacheni niseme lililonikaba miaka thelathini na miwili.

Mizero, wewe unayeniogesha hapa Whitehall, mimi si baba yako mzazi, na kesho si siku uliyozaliwa. Kule kambini Tanzania, ofisa wa safari ya kuja huku alipouliza tarehe zenu za kuzaliwa, wenzangu wasiozijua waliwaandikisha watoto wao Januari mosi; mimi nikataja siku ninayoiona kila nikifumba macho.

Asubuhi ile, mwaka tisini na tatu, habari zilienea Burundi kwamba rais ameuawa. Tulipandwa na hasira, tukashika mashoka na mapanga, tukaziba barabara kwa miti ili watu wa kabila tulilolilaumu wasipite. Mti wa kwetu kilimani niliuangusha mimi, wala sikulazimishwa. Mchana akaja mwanamke anakimbia na mtoto mgongoni, akakwama kwenye matawi, na majirani zangu wakamkatakata huku akiwaita kwa majina yao. Nilisimama na shoka langu nikitazama. Alipoanguka kifudifudi ulikuwa unalia juu yake, nikakufungua, nikakimbia nawe. Hilo tu ndilo jema nililofanya siku ile, nalo nililichelewesha.

Mama yako aliitwa Isimbi, mwalimu wa shule yetu. Mbeleko yake imo sandukuni chini ya kitanda hiki. Mke wangu aliifua, doa likakataa kutoka. Ni yako. Reginaldi, ulinung'unika kwamba nampenda Mizero kuliko ninyi. Nilimpenda, ndiyo, na nilimwogopa. Kila mwaka mlipowasha mishumaa nilitoka nje nikijidai nakusanya majani yaliyopukutika.

Kesho msiwashe mshumaa mpaka Mizero mwenyewe aseme. Asiambiwe asamehe, hata na mchungaji. Akitaka kutokuja kunizika, asisemwe. Mungu awalinde nyote watatu, awape... pumzi inakata. Veridiana, maji. Hapana, Mizero, usinipe wewe. Mwachie dada yako hicho kikombe. Mizero... mwachie, mwanangu.