Kizibo na Sauti Isiyotaka Mapafu

K'! Kama kizibo kinachong'oka kwenye chupa. Sauti hiyo ndiyo iliyotuamsha nyumbani kila asubuhi, kaka yangu akifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Tukamwita Kizibo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga. Ubishi alianza nao mapema. Darasa la tatu alifukuzwa wiki nzima kwa kumsahihisha mwalimu mkuu matamshi mbele ya wageni.

Chuoni alisomea isimu, na tangu 1979 hadi alipostaafu 2017 alilinganisha konsonanti za lugha za milima ya Kaukazi. Alishikilia kwamba sauti hiyo nzito ya kooni, K', iliyobaki katika Kigeorgia ndiyo ya kale, na kwamba katika Kimingreli, lugha ndugu yake, imelegea ikawa kikwamo kidogo tu cha pumzi. Mwalimu wa ofisi ya jirani, tuliyemwita Tarumbeta, aliandika kinyume chake.

"Huyo mzee wa Kimingreli uliyemrekodi ni kibogoyo," alimcheka kwenye korido. "Unasikiliza mapengo, bwana!"

"Tangu lini koo likaota meno?" akajibu Kizibo. "Itoe wewe kwanza, ndipo uisikie."

Hawakusalimiana tena kwa miaka mingi.

Kipimo chake kilikuwa kipande cha karatasi mbele ya midomo. Sauti hiyo haitaki hewa ya mapafu: karatasi huruka mara moja, ikatulia. Ikipepea, umekosea. Hata wifi yangu, mshonaji, alishikishwa karatasi siku ya kuchumbiwa.

"Kama ni posa, sema maneno ninayoyajua," alimwambia. Walioana tarehe 14 Juni 1980.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya koo. Sauti yake nayo ikalegea, akabaki na mnong'ono. Alifariki tarehe 6 Februari mwaka huu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi mdogo wake. Tarumbeta ameleta hotuba, tumemrudishia. Yuko safu ya nyuma, na akae huko huko. Kaka, koo lako sasa lipumzike.

Siku mbili kabla ya kifo, huyo Tarumbeta alifika wodini.

"Nimekuja kukuona, si kubishana," alisema.

Kizibo akachana ukingo wa gazeti, akauinua mbele ya midomo ya mgeni. Tarumbeta akatutazama, akajaribu. Karatasi ikapepea.

Kaka akamwashiria ainame. Sote tulidhani anamsamehe.

"Mapafu hayo," alinong'ona. "Rudia."