Kibubu cha Cheche Hakivunjiki

Kijiwe chetu ni ubao mrefu juu ya matairi mawili, mbele ya karakana ya Cheche, mchomelea mageti. Mimi natengeneza simu mlango wa pili, na siku hiyo, niseme ukweli, sikutengeneza hata moja. Kahawa ilikuwa bado ya moto alipokuja fundi cherehani wetu, Tepu, tunayemwita hivyo kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Uso ulikuwa umemshuka. Kibubu cha tatu cha binti yake wa miaka mitano kimevunjika, na tangu jana mtoto hasemi naye. Tepu kaahidi kwamba leo, kabla hajafunga duka, atampa kisichovunjika. Alikuwa anaumia kweli, maskini, nasi tukamhurumia kwa kelele.

TEPU: Cha kwanza kilikuwa cha udongo. Kikadondoka kitandani.

BREKI: Kitanda kirefu?

TEPU: Cha kawaida, mzee. Sakafu ndiyo ngumu.

Mzee Breki kaendesha malori miaka thelathini. Hana jambo asilolijua.

MIMI: Cha pili?

TEPU: Kuku wa plastiki. Mtoto akamwona ana njaa, akamnywesha maziwa. Siku ya nne nyumba haikaliki!

MIMI: Na cha tatu?

TEPU: Cha mbao. Alikipanda achungulie dirishani. Kraa!

CHECHE: Shida yako unanunua vitu vya kitoto.

TEPU: Si ni vya mtoto?

CHECHE: Mtoto ndiye kiboko ya vyote! Geti langu liligongwa na lori, likabaki limenyooka. Mwanangu akabembea wiki moja tu, likapinda.

BREKI: Basi dawa ni zege. Fukia kibubu sakafuni, mwaga zege. Nani ataangusha sakafu?

TEPU: Nimepanga chumba, mzee. Nikihama?

BREKI: Unahama na chumba.

MIMI: Mi naona kitundikwe darini, asikifikie.

TEPU: Mpaka lini?

MIMI: Mpaka arefuke. Akikifikia, tayari ana akili.

BREKI: Hapana, ngoja! Boksi la gia! Lori langu liliingia korongoni, mimi nikavunjika mbavu mbili, boksi halikupata hata mchubuko. Kilo mia na themanini. Mwizi habebi.

TEPU: Na mwanangu je?

BREKI: Naye habebi. Ndiyo usalama wenyewe!

Cheche akashindwa kuvumilia. Akaruka kwenda kuburuta kipande cha chuma kilichobaki kwenye geti la mtu. Tepu akavua tepu shingoni, akapima kama anampima bwana harusi, na kwa mazoea akaongeza inchi moja ya kunenepea. Cheche akashusha miwani, moto ukaruka, sisi tukageuza nyuso huku tukitoa maelekezo. Pande sita, kila pembe imeshikwa barabara. Kilipopoa, Mzee Breki akakibwaga chini. Hata kubonyea hakikubonyea. Cheche akakipiga nyundo, nyundo ikarudi. Mimi nikapanda juu nikacheza, tena kwa mbwembwe, mpaka muuza viatu wa ng'ambo akaanza kunipigia makofi. Tepu alikuwa anacheka machozi yakimtoka.

— Hiki atawarithisha wajukuu! akapiga kelele.

Ndipo binti akatokea, kashikwa mkono na mama yake, sarafu kaibana kwenye ngumi nyingine. Akakizunguka kile chuma. Akainama. Akakigonga kwa kidole.

— Baba, mdomo wake uko wapi?

Tepu kwa furaha ya kusemeshwa alitabasamu mpaka masikioni, kabla hata ya kulisikia swali. Kisha akalisikia. Tukakigeuza. Tukakigeuza tena. Pande zote sita, juu, chini, laini kabisa. Kazi safi haina mfano. Mama mtu akajiziba kinywa kwa khanga, mabega yakimtikisika.

CHECHE: Binti, hiki si kinaitwa kibubu? Bubu na mdomo, wapi na wapi!

Mtoto akamtazama kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mdogo wake.

— Bubu ana mdomo, mjomba. Hasemi tu. Kula anakula.

Mzee Breki akaikimbilia chupa ya kahawa, akaiinamisha juu ya kikombe chake, ikatoka hewa.