Nilivyoiombea Mechi Iliyokwisha Kuchezwa

Ndugu zangu, mwenyekiti wetu ameniambia nizungumze nikiwa nimekaa. Nashukuru kwa huruma yake, lakini nitasimama. Nikichoka mtaniona, na hapo nitakaa bila kuomba ruhusa. Namsifu Mungu aliyetukusanya, sisi tuliopigwa na kiharusi na ninyi mnaotuuguza. Nimeombwa niseme jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Majina ya watu sitayataja. Wengine wametangulia mbele za haki, na wengine wapo hapa Kasulu na hawapendi kusifiwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi kwetu na magari ya mashirika ya misaada yakipita barabarani kutwa. Nilikuwa mzee wa kanisa katika kijiji kimoja upande wa Kibondo. Siku moja asubuhi niliinuka kitandani nikaanguka. Upande wangu wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu. Ulimi ulikuwa mzito kama nimejaza unga mdomoni. Wakanibeba, wakanileta hospitali hapa Kasulu, na nilipotoka wodini nikapelekwa kwa dada yangu mdogo, maana nyumba yake ilikuwa karibu na hospitali.

Mguu ulianza kurudi baada ya muda, kwa kuuburuta na fimbo. Mkono haukurudi. Na hapo, nawaambia, ndipo nilipoanguka kweli. Kule kitandani niliangushwa na ugonjwa. Huku niliangushwa na aibu.

Ninyi mliozaliwa huku mnajua salamu yetu. Mtu anakuja, anainama, anapiga makofi taratibu, anasema, "Mwakeye." Nawe unapiga makofi yako, unaitikia, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, huku viganja vinaendelea. Usipopiga, ni kama umemkataa mtu. Sasa mimi nilikuwa na kiganja kimoja. Watu walikuja kunijulia hali, wakainama, wakapiga makofi, nami nikawatazama tu kama nguzo ya nyumba. Mama mmoja alilia mbele yangu. Kuanzia siku hiyo, nikisikia hodi nilijifanya nimelala. Jumapili nilimwambia dada kwamba mguu unauma.

Muuguzi alikuwa amenifundisha mazoezi, kuminya bonge la kitambaa na kuuinua mkono mgonjwa kwa ule mzima. Nilifanya kidogo, nikaacha. Dada akiuliza, nilimjibu, "Mungu akitaka atauinua mwenyewe."

"Na ugali je?" aliniambia. "Mbona huo humngojei Mungu akumegee?"

Dada yangu alikuwa na mdomo huo. Ndiye aliyenifukuza nyumbani, kwa maneno yake, nikapate hewa. Njia yangu ya hewa ilipita kwenye banda la video la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mcheshi mwenye asili ya pwani. Nilipochoka, nilikaa kwenye benchi lake la nje. Akaniona, akaniambia, "Mzee wa kanisa, ingia ndani. Mgonjwa hatozwi kiingilio kwangu. Na humu kuna giza, waumini wako hawatakuona."

Kulikuwa na giza kweli, ingawa nje ilikuwa saa tisa ya mchana. Hilo ndilo lililonivuta. Gizani hakuna mtu anayekusalimia kwa makofi.

Siku hiyo walikuwa wakionyesha mpira wa kikapu wa Marekani. Kanda zililetwa na dereva wa shirika moja, kijana kutoka Muyama, hapa hapa jirani. Bosi wake, mhandisi wa maji, alikuwa akitumiwa kanda hizo na ndugu yake kwa posta. Akishazitazama anamwachia dereva, na dereva anazileta bandani. Vijana wa Kirundi walijaa humo, kwa sababu mchezo huo waliupenda tangu kwao. Mimi sikujua kitu. Niliona watu warefu wanakimbia huku na huku na mpira haukai mkononi mwa mtu. Dereva alikaa karibu nami akanieleza taratibu. Huyu kasukumwa, atapewa mitupo ya adhabu. Huyu kocha, anaomba wapumzike. Timu hizi zinashindana kugombea ubingwa, wanakutana mara kadhaa, na atakayewahi kushinda mara nne ndiye anayeendelea.

Nikachagua timu ya jezi nyekundu. Msiniulize kwa nini. Labda ni kwa ajili ya mchezaji wao mmoja aliyekuwa mzee kuliko wenzake, magoti yake yamefungwa bandeji yote mawili. Alipokwenda kukaa kwenye benchi alikaa kama mimi, polepole, akishika kwanza kiti kwa mkono.

Mwenye banda alipoona nimewachagua wekundu, akachagua palepale bluu, timu ya upande wa pili wa mashindano, ambayo ilikuwa bado haijakutana na yetu. "Wewe una maombi, mimi nina jenereta," alinitania. "Tutaona kipi kina nguvu."

Timu yetu ilishinda mzunguko ule, ikashinda uliofuata kwa shida, ikaingia fainali kukutana na bluu. Nami nikawa mtu wa bandani. Kanda haikuja kila siku. Wakati mwingine ilipita wiki nzima tukiingoja barabara na posta. Nikisikia gari la shirika, moyo unaruka. Dada akasema angalau sasa naoga bila kulazimishwa.

Wakati fainali zinaanza, akaja mgeni kutoka kijijini kwetu, mzee mwenzangu wa kanisa. Alipanda lori la mahindi na vumbi la kiangazi lilikuwa limempaka hadi kwenye kope. Aliinama akapiga makofi, nami nikatazama chini. Hakuonyesha kuchukizwa. Akakaa, akasema, "Mzee, watu wamenituma. Kanisa limekaa bila wewe muda mrefu. Je, turudi na wewe, au tuchague mwingine? Sema tu, hakuna atakayekulaumu."

Nilimwambia, "Nipeni muda kidogo. Nangoja jibu."

"Jibu la daktari?"

"Jibu kutoka juu."

Akaridhika, akapanda lori lake. Lakini ninyi mnanijua, sitawaficha jibu hilo nililingoja wapi. Nilikuwa nimeweka alama mbele za Mungu. Nilisema, Bwana, wekundu wakichukua ubingwa, nitajua mkono huu utarudi, na nitarudi kijijini kukutumikia. Wakishindwa, nitajua shauri langu limekwisha, nitawaambia wachague mwingine. Mtu mzima, niliyefundisha Neno miaka yote hiyo, nikaufunga wito wangu kwenye miguu ya vijana wa Marekani ambao hawajui hata Kasulu iko wapi. Ukikaa peke yako na aibu kwa muda mrefu, unaweza kutunga dini yako mwenyewe humo humo.

Bluu wakatangulia. Ikafika siku ambayo bluu walikuwa wameshashinda mara tatu na sisi mbili. Wakishinda tena, basi. Banda lilijaa hata dirishani. Mwenye banda alikuwa akipita na birika la chai ya tangawizi, akinipigia kelele, "Mzee, wenzako leo wanazikwa! Utasoma ibada wewe mwenyewe!"

Vijana wakamjibu, "Nyamaza, uangalie jenereta lako lisizikwe kwanza!"

Tulikuwa mbele kwa pointi chache, mwisho unakaribia, yule mzee wa magoti akasukumwa. Akapewa mitupo miwili. Nikafumba macho nikaomba kwa sauti. Akatupa wa kwanza, ukagonga chuma ukatoka. Ndipo wenzake wakamwendea mmoja mmoja, wakamgonga kiganja. Akatupa wa pili. Nao ukatoka. Bluu wakaudaka mpira, wakakimbia wakafunga, tukabaki mbele kwa pointi moja. Kocha wetu akaomba mapumziko. Yule mzee akarudi benchi ameinamisha kichwa, na wenzake wote wakasimama, hata wale ambao hawakucheza kabisa, wakanyoosha mikono, wakamgonga tena kiganja, mmoja baada ya mwingine. Yeye hakuinua mkono vizuri. Aliuacha hapo kiunoni, umelegea. Wao ndio waliogonga.

Mwenye banda akapiga ukelele, "Kakosa yote miwili na bado wanampongeza! Watu gani hawa?"

Dereva akasema, "Hawampongezi. Wanamwambia bado yumo."

Ndugu zangu, maneno hayo yalisemwa na mtu anayetafuna karanga, wala hakuyakusudia kwangu. Lakini mimi ndiye niliyeyabeba. Mechi ile tulishinda, kwa pointi hiyo hiyo moja. Ikawa tatu kwa tatu. Ikabaki moja ya mwisho.

Watu walipoanza kutoka, mimi nilibaki nimekaa, midomo inacheza. Dereva akainama. "Mzee, unamwombea nani tena? Imekwisha."

"Nawaombea hawa wetu. Ile ya mwisho."

Akanitazama kuhakikisha kama natania. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, hiyo ya mwisho ilishachezwa zamani. Kanda inasafiri mwezi mzima na zaidi. Sasa hivi wale wako likizo na watoto wao. Hata jasho lao lilishakauka."

Vijana wawili waliosikia wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami, sijui kwa nini, nikacheka nao. Nilikuwa sijacheka tangu kuugua, na mdomo wangu ulikwenda upande mmoja, na hakuna aliyejali.

"Nani alishinda?" nilimuuliza.

"Bosi anajua, mimi sijui. Nilimkataza asiniambie."

Nilirudi nyumbani nikiburuta mguu nikifikiri. Wiki zote zile nilikuwa nikimngoja Mungu aamue jambo ambalo limekwisha kuamuliwa uwanjani, na jambo langu mimi, ambalo halijaamuliwa, nimeliacha lilale. Nikamwambia dada, "Kile kitambaa cha kuminya kiko wapi?"

"Nilikifanya dekio," alisema. Kisha akakata khanga yake nzuri, akanifungia bonge jipya.

Niliminya, na sitawadanganya. Vidole vilisogea kama vya mtoto aliyelala. Hakuna muujiza uliotokea usiku huo wala juma lile.

Ikaja Jumamosi. Dereva alikuwa ametutangazia kwamba kanda ya mwisho imefika, itaonyeshwa saa tisa. Nikavaa shati safi mapema. Saa sita hivi, nikasikia hodi. Ni yule mzee mwenzangu. Lori alilokuja nalo lilikuwa likipakua sokoni na lingerudi Kibondo saa nane. Alikuja kuchukua jibu.

Aliinama, akapiga makofi. "Mwakeye."

Nilitaka kutazama chini kama siku zote. Badala yake nikanyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi, nikaungojesha hapo mbele yake. Hakuelewa. Alifikiri nataka nisaidiwe kuinuka, akaukamata.

"Sivyo," nilisema. "Piga."

"Nikupige?"

"Piga kofi hapo. Kiganja chako na changu. Nitaitikia hivyo."

Akasita. Kisha akagonga, taratibu, kwa mpigo ule ule wa salamu yetu. Nikamuuliza habari za nyumbani, akajibu, akagonga. Za watoto, akagonga. Za kanisa. Hapo akagonga mara mbili.

Mwishowe akauliza, "Desturi hii ni ya wapi?"

"Ya Marekani."

"Umeipata wapi Marekani, wewe unayetembea kwa fimbo?"

Dada akadakia kutoka jikoni, "Kwa Mwislamu mwenye jenereta!"

Tukacheka. Kisha akawa mtu wa kazi tena. "Mzee, lori linaondoka saa nane. Niwaambie nini watu?"

Nilitazama mkono wangu wa kulia. Haukuwa umebadilika. Nikasema, "Usiwaambie kitu. Ngoja nichukue Biblia na bonge langu la kitambaa."

Tulipopita mbele ya banda, mwenye banda alikuwa akimimina mafuta kwenye jenereta. Aliona kifurushi changu. "Mzee! Leo ndiyo leo! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Unaogopa kuzikwa!"

"Omba wewe leo," nilimwambia. "Mimi nina safari."

Akaacha dumu chini, akaja akanisaidia kupanda lori, akisukuma kwa bega bila kuona haya. Jumapili yake nilisimama mlangoni mwa kanisa letu, kiganja cha kushoto wazi, na watu wakapita wakigonga, kuanzia wakongwe hadi wale wanaobebwa mgongoni. Miezi ilipita ndipo yule dereva alipopita kijijini kwetu kikazi. Alisimamisha gari, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti kwamba wekundu walichukua ubingwa. Nilifurahi, kama mtu anavyofurahi jirani akipata mtoto. Kisha nikarudi kwenye kikao cha wazee wa kanisa nilichokuwa nimekiacha.

Mkono umerudi nusu. Naweza kushika kikombe kisichojaa. Kazi ile ya kanisa niliifanya mpaka uzee uliponistaafisha kwa haki.

Namshukuru Mungu. Namshukuru marehemu dada yangu kwa khanga yake na kwa ulimi wake, muuguzi ambaye sikumtii mapema, dereva, na mwenye banda, ambaye kila Krismasi alinitumia salamu nami kila Idi nikamtumia zangu. Namshukuru mzee mwenzangu, ambaye angeweza kuchagua mtu mwingine kwa haki kabisa, lakini alipanda lori la mahindi mara mbili kuja kuuliza.

Na ninyi mnaouguza, nina neno moja tu. Mgonjwa wako anapojifanya amelala, anasikia miguu yako ikiondoka. Ingia, ukae. Usimngoje apone ndipo umhesabu kuwa yumo.