Kinakata, Kisha Kinaunga

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, mashine za maabara hizi zinanguruma!

Kitinda: Shikamoo, dada. Ni mimi, Kitinda wako.

Dada: Marahaba. Mbona unanong'ona?

Kitinda: Nimejifungia bafuni. Mume wangu ameliona begi nililofungasha. Amening'oa jino, ninalo hapa mkononi. [kishindo] Sasa ana nyundo.

Dada: Mungu wangu! Usikate simu! [mbali kidogo] Wewe, pigia polisi, mdogo wangu anauawa! [karibu] Wanakuja. Usifungue, hata akuite malaika.

Kitinda: Mlango umepasuka hapa ju– [mtandao unakwaruza] –naona nyundo ikipenya! Ongea, dada. Chochote. Nisimsikie.

Dada: Niongee nini, jamani?

Kitinda: Hicho kidude chako cha kufungua mafundo. Unachotuchosha nacho kila tukikaa kula.

Dada: Kimeng'enya? Saa hizi?

Kitinda: Saa hizi! [kishindo]

Dada: Haya, haya. DNA ni uzi, si ndiyo? Mrefu, umesokotwa, umeshindiliwa ndani ya seli. Lazima ujifunge mafundo. Sasa hicho kimeng'enya kina nusu mbili, zimekutana kama viganja. Kina mlango juu, mlango chini. Kinaukamata uzi, kinaukata–

Kitinda: Kinaukata kabisa?

Dada: Kabisa. Lakini ncha hakiziachii, kimezing'ang'ania zote mbili. Kinapitisha uzi mwingine kwenye lile pengo, unatokea mlango wa chini. Fundo kwisha.

Kitinda: Halafu?

Dada: Halafu kinaunga! Huoni hata kovu. Utamu wote uko hapo, Kitinda. Kisipounga, seli inakufa. Kuna dawa za saratani zinakifanyia hivyo, zinakizuia kisiun– Mbona kimya? Nyundo vipi?

Kitinda: Ameacha. Anali– [mtandao unakwaruza] –analia, dada. Amekaa chini mlangoni.

Dada: Mwache alie!

Kitinda: Anasema tuyamalize. Mimi nimeshaondoka mara ngapi? Na kila mara nikarudi, tukaunga.

Dada: Na kila mara akakupiga!

Kitinda: Ila umesema kisipounga–

Dada: Hicho ni kimeng'enya, siyo ndoa! Sikusema hivyo mimi! Usiguse hilo komeo, Kitinda. Nakuomba, mama yangu, nakupigia magoti–

Kitinda: Nyundo ameiweka chini. Nimeisikia ikigonga sakafu.

Dada: Usi–

[komeo. Ukelele. Kishindo. Kingine. Kingine.]

Dada: Kitinda? Kitinda! Mdogo wangu!

Shemeji: Haloo. Shikamoo, shemeji.

Dada: Mpe simu! Mpe mdogo wangu simu, nimsikie!

Shemeji: Hasemi tena, shemeji. Tumeshayamaliza.

[simu inakatika]